Parachichi la Siku Yoyote

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda sokoni na mke wangu, jambo ambalo nikiwa macho nilikuwa sijalifanya hata mara moja tangu tuhamie Puebla.

Naomba kwanza nieleze, kwa mpangilio, hali ilivyo nikiwa macho. Mimi ni mwalimu. Nilisomea ualimu Korogwe, nikafundisha Handeni miaka kumi na tisa, na huu ni mwaka wangu wa pili hapa Meksiko, ambako nafundisha Kiswahili chuoni. Kila Jumanne barabara iliyo nyuma ya nyumba yetu hufungwa, magari hayapiti, maturubai hutandazwa kutoka nguzo hadi nguzo, na kufikia saa mbili asubuhi soko zima limeshasimama. Wenyeji huliita tianguis. Saa tisa alasiri hung'olewa lote. Barabara hufagiwa, na mpita njia hawezi kujua kwamba hapo palikuwa na hata kitunguu kimoja.

Siwatu, mke wangu, hulipenda soko hilo. Mimi hununua mboga supamaketi, kila Jumamosi, saa nne, kwa orodha. Kule nyanya zimepangwa kwa ukubwa, kila kitu kimeandikwa jina, na hakuna mtu wa kuniita.

Basi kila Jumanne Siwatu husimama mlangoni na kikapu chake, akaniuliza, "Baba Hija, leo tunakwenda wote?" Hija ni binti yetu, yuko masomoni Morogoro. Nami humjibu kwa upole, maana mimi si mtu wa kugombana, "Tutakwenda, mke wangu. Siku yoyote."

Nimehesabu. Nimelitoa jibu hilo Jumanne sitini na mbili.

Katika ndoto tulikuwa tumeshafika. Turubai la kwanza lilikuwa jekundu na la pili la manjano, kwa hiyo uso wa Siwatu ukawa mwekundu, kisha ukawa wa manjano, kisha ukarudi kuwa wake. Watu walikuwa wengi. Nilimshika kiwiko tusije tukapotezana.

Wauzaji walikuwa kimya. Waliokuwa wakiita wateja ni mboga zenyewe.

"Pita huku, mrembo," fungu la figili lilimwambia Siwatu. "Pita na huyo mzee wako, tutamvumilia."

"Salama, figili?" Siwatu aliitika, kama mtu anayesalimiana na majirani.

Hatua chache mbele mwanamke mmoja alikuwa akiparua miiba kwenye majani ya mpungate, yaani dungusi kakati, ambayo watu wa hapa huyala kama mboga. Jani lililokuwa mkononi mwake lilisema, "Taratibu hapo, mama. Huo nilizaliwa nao." Mwanamke akaurudisha mwiba mahali pake.

Mizani iliyoning'inia juu ya maboga iligeuza uso wake wa duara ikanitazama.

"Vua kofia," iliniambia.

"Kwa nini?"

"Nisikupime na mambo yasiyo yako."

Nilivua. Mshale wake ulitetemeka, ukapanda, ukashuka, ukasimama. Mizani haikutaja uzito. Ilisema tu, "Mh," kisha ikaendelea kutazama maboga.

Tulifika kwa Doña Eulalia, Bi Eulalia kwa kwetu. Nikiwa macho namjua kwa kusimuliwa tu: ndiye anayemuuzia Siwatu maparachichi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye msuko mmoja mrefu wa mvi na aproni yenye mifuko minane. Alizungumza Kiswahili cha Pangani, jambo ambalo sikuliona la ajabu.

Maparachichi yake yalipangwa kama piramidi, vikonyo vyote vikitazama juu. Isipokuwa kimoja. Kwenye safu ya tatu kulikuwa na parachichi lililolala ubavu. Nilinyoosha mkono nilirekebishe.

"Mwalimu, usiguse," alisema Siwatu. Huniita Mwalimu ninapomwaibisha. Tukiwa na amani huniita Baba Hija. "Hapa mtu hajichagulii. Anaulizwa kwanza."

"Anaulizwa nini?"

"Subiri uone."

"Karibu, marchanta," Doña Eulalia alimwambia.

"Asante, marchanta," Siwatu akajibu. Hilo ndilo neno lao: muuzaji humwita hivyo mnunuzi, na mnunuzi humwita hivyo muuzaji, na hakuna anayechanganyikiwa.

"Ya leo au ya kesho?"

"Mawili ya leo, matatu ya kesho."

Doña Eulalia alichukua parachichi moja, akalibonyeza kidogo sana kwa kidole gumba, karibu na kikonyo, kama muuguzi anayetafuta mshipa.

"Leo," lilisema parachichi, "lakini msichelewe njiani."

Akabonyeza jingine.

"Kesho. Saa sita na robo."

Jingine likasema kesho jioni, baada ya chakula kikuu, kama hapatakuwa na wageni. Aliyafunga yote kwenye gazeti, akayaweka ndani ya kikapu, kisha akanigeukia mimi.

"Na bwana? La leo au la kesho?"

Nilifikiri kwamba swali lile lilikuwa la adabu tu, kama mtu anapokuuliza habari za nyumbani.

"Siku yoyote," nilisema.

Figili zikanyamaza. Jani la mpungate likanyamaza. Doña Eulalia alitia mikono yake miwili kwenye mifuko miwili ya aproni.

"Rudia, bwana."

"Nimesema siku yoyote. Mimi si mtu wa masharti."

Maparachichi yalirudi nyuma kidogo, piramidi nzima, kwa mpangilio.

"Hapa hatuna la siku yoyote," alisema Doña Eulalia. "Vitu vya siku yoyote viko kule." Alionyesha kwa kidevu.

Nilitazama kilikoelekea kidevu. Mwisho wa barabara, mahali ambapo nikiwa macho pana fundi viatu, palisimama supamaketi kubwa, nyeupe, isiyo na madirisha.

Nilipogeuka, Siwatu hakuwepo. Kikapu kilikuwepo, kimening'inia hewani, usawa wa kiwiko chake. Mkono wangu bado ulikuwa umekunjwa umbo la kiwiko hicho.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Ulikuwa umemshika wakati unajibu?"

"Nilimshika tusipotezane."

"Basi umemjibia na yeye. Jibu huchukua na kilicho mkononi." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama anayeeleza ratiba ya basi. "Yuko kule, kwenye rafu. Nenda kamtoe. Lakini angalia, bwana, saa tisa turubai langu linashuka. Likishashuka sitakuwepo wa kukuuliza tena, na kule hakuna anayeuliza."

Nilitazama saa yangu. Mishale yake ilikuwa maharage mabichi mawili, na mmoja ulikuwa umeanza kunyauka, kwa hiyo nilikadiria. Kule mwanzo wa barabara turubai jekundu lilikuwa linashuka. Halikukunjwa peke yake. Lilikunjwa pamoja na kipande cha barabara kilichokuwa chini yake.

Nilikwenda mbio, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kwenda mbio bila kugonga watu.

Mlango wa supamaketi ulifunguka wenyewe, ukamkaribisha mtu aliyekuwa nyuma yangu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Ndani pana baridi. Naona rafu zimenyooka hadi macho yanapochoka. Naona nyanya arobaini kwa safu, zote nyekundu kwa kiasi kimoja, zote ukubwa mmoja. Na lazima niseme kweli, kwa sababu ndoto isiyosemwa kweli haina maana: nafsi yangu inatulia. Kwa muda wa pumzi mbili nasahau nimekuja kumtafuta nani.

Kisha rafu ikawa darasa langu la Handeni, Kidato cha Pili B. Nilikuwa mbele, na daftari la mahudhurio mkononi. Nyanya zilisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Zilikaa kwa mlio mmoja. Nilifungua daftari. Majina yote arobaini yalikuwa Nyanya, kwa mwandiko wangu.

"Nyanya," niliita.

"Nipo, mwalimu," zilijibu zote kwa sauti moja.

Nilitia alama arobaini. Nilipomaliza, niliuliza swali ambalo sikuwa nimeliandaa.

"Ninyi mtaiva lini?"

"Siku yoyote, mwalimu."

"Nani anaweza kuniambia leo ni siku gani?"

Kwenye dawati la nyuma nyanya moja, yenye ufa mdogo karibu na kikonyo, ilinyoosha mkono. Sijui ilinyoosha mkono gani. Niliona tu kwamba umenyooshwa.

"Ndiyo, wewe wa nyuma."

"Mwalimu, nadhani leo ni Juma..."

Mkono uliovaa glavu nyeupe ulishuka kutoka juu, ukaichukua, ukaondoka nayo. Mkono huo haukuwa na mtu.

"Ilikuwa na ufa," mkono ulieleza.

Nyanya thelathini na tisa zilitazama mbele. Nilijua kwamba kanuni zinanitaka nifute alama moja kwenye daftari. Kalamu ilikataa kuandika, nami sikuilazimisha.

"Namtafuta mke wangu," niliwaambia wanafunzi. "Ameingia hapa sasa hivi. Amevaa kanga ya kijani."

"Mboga za kijani ziko mwisho, kushoto," zilijibu kwa pamoja. Kisha moja, kwa sauti ndogo ambayo sikuweza kujua inatoka dawati lipi, ikaongeza, "Fanya haraka, mwalimu. Wanapita kubandika namba."

Nilimkuta mwisho, kushoto, kati ya figili za siku yoyote na uyoga. Alikuwa amekaa kwenye kisahani cheupe cha povu, magoti yamekunjwa hadi kidevuni, amefungwa plastiki nyembamba iliyovutwa ikakaza. Pumzi yake ilitia ukungu kwenye plastiki, ukungu ukafutika, ukaja tena. Nyuma ya shingo, kwenye ngozi yenyewe, alikuwa ameshabandikwa stika ndogo ya kijani. Namba 5017.

"Mama Hija," niliita.

"Umefika." Hakugeuza kichwa, plastiki haikumruhusu. "Usiipasue hii, Mwalimu. Ukipasua umeninunua hivi nilivyo, na hivi nilivyo ni mtu wa siku yoyote."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nasikia baridi. Na hawa uyoga hawana mazungumzo."

Uyoga hawakujitetea.

"Umekaa hapa muda gani?"

"Huku hakuna muda, kuna tarehe. Iko chini ya kisahani, siioni. Hebu nisomee."

Nilipiga magoti, nikainua kisahani kidogo, nikasoma. Chini paliandikwa *Bora kabla ya*, na baada ya hapo hapakuandikwa kitu. Palikuwa peupe kama ukurasa wa mwanafunzi ambaye hakufanya jaribio.

Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumdanganya mwanafunzi.

"Wino umefutika," nilimwambia mke wangu.

Ukungu ulichelewa kidogo kurudi kwenye plastiki.

Hapo ngurumo ilisikika kutoka kwenye spika, na mvua ikaanza kunyesha kutoka kwenye vijibomba vilivyo juu ya rafu, kama wanavyofanya ili mboga zionekane zimetoka shambani. Matone yalipiga ngoma juu ya plastiki. Siwatu alifumba macho. Nilinyanyua kisahani, naye juu yake, nikamweka kwenye toroli.

Toroli lilikuwa na gurudumu moja lenye msimamo wake. Kila nilipolisukuma kwenda kwa keshia, lilivuta kwenda kwenye majokofu.

"Tafadhali," nililiambia.

"Mimi nafuata mteremko," lilisema gurudumu.

"Sakafu hii haina mteremko."

"Kwako wewe."

Kwa keshia hapakuwa na keshia. Palikuwa na mashine, yenye kioo na sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kucheka.

"Weka bidhaa kwenye eneo la mfuko."

"Si bidhaa. Ni mke wangu."

"Weka mke wangu kwenye eneo la mfuko."

"Ni mke wangu mimi."

"Bidhaa haijatambuliwa. Mke wangu mimi. Idadi?"

"Mmoja."

"Uzito uliotarajiwa ni gramu mia mbili na hamsini. Uzito haulingani."

Kutoka ndani ya plastiki nilimsikia Siwatu akicheka, kicheko kifupi cha puani. "Waambie hao wajue wamefunga nini," alisema.

"Tafadhali subiri msaada," ilisema mashine.

Msaada ulikuja. Ulikuwa ule mkono wa glavu. Ulielea mbele ya uso wangu na kunyoosha kidole kimoja kuelekea shingo ya Siwatu.

"Ana namba," ulisema. "Mwenye namba hutoka kwa namba yake. Pitisha namba kwenye mwanga mwekundu, umchukue, uende naye nyumbani."

"Na akipita kwa namba?"

"Atakuwa wako."

"Wa siku gani?"

Mkono ulisita. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa.

"Yoyote," ulisema.

Nilimtazama Siwatu. Mwanga mwekundu ulikuwa ukipapasa meza, ukitafuta. Nilimwona nyumbani kwetu, kwenye kiti chake, mwaka hadi mwaka, mzima, asiyeiva na asiyeharibika, akinisubiri nipate nafasi. Nilikiona pia kikapu, kimening'inia nyuma ya mlango, kikavu. Mandhari yalikuwa nadhifu sana.

Mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Naliandika hili ili lieleweke nilichofanya.

Nilipenyeza kucha ya kidole gumba chini ya plastiki, pale ilipokutana na shingo, bila kuipasua, na nikaanza kuibandua stika. Ilikuwa ya ile gundi mbaya. Ilikuja nusu. Nusu iliyoandikwa 50 ilikwama chini ya kucha yangu. Nusu iliyoandikwa 17 ilibaki shingoni.

"Namba haijakamilika," ilisema mashine. "Namba haijakamilika. Mke wangu mimi haijakamilika."

Mwanga mwekundu ulipita juu ya Siwatu mara tatu na haukumwona.

"Huyu hayupo kwenye orodha," mkono ulisema polepole. "Kisichokuwepo hakiwezi kutoka."

"Kisichokuwepo hakiwezi kuzuiwa," nilisema, nikakibeba kisahani kifuani na kuondoka.

Mkono ulinikamata kola. Ulikuwa wa baridi, na wenye nguvu kuliko nilivyotarajia kwa kitu kisicho na bega. Nilivuta. Ulivuta. Mlango ulikuwa hatua sita mbele, na ulikuwa umeanza kujifunga ukidhani sipo.

Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya madawati.

"Kwaheri, mwalimu," zilisema nyanya.

Zilishuka kutoka kwenye rafu. Si kwa safu. Zilianguka ovyo, moja juu ya nyingine, thelathini na tisa, zikabingirika sakafuni kila moja upande wake, na zile zilizokanyagwa zikapasuka na kuchuruzika. Kwa miaka kumi na tisa nimewafundisha watoto kutoka darasani kwa mstari. Nilifungua kinywa nizirudishe kwenye mstari. Sikuzirudisha.

Mkono uliniacha, ukaenda kuokota zenye ufa. Zote sasa zilikuwa na ufa.

Niko nje. Jua limeinama. Maturubai yote yameshuka isipokuwa moja. Barabara inakunjwa kama mkeka, inakuja kutoka upande wa pili, na mkunjo wake una urefu wa mtu. Ndani ya mkunjo nasikia figili zikiagana. Nakimbia kuelekea turubai la mwisho, na kisahani kinanitoka mikononi kwa sababu ya maji, na nakidaka kwa magoti, na naendelea.

Doña Eulalia alikuwa amesimama juu ya kigoda akifungua kamba. Kamba tatu zilikuwa zimeshafunguliwa. Piramidi ya maparachichi ilikuwa ndani ya kreti. Lilibaki moja tu mezani, lile lililolala ubavu.

"Ngoja, mama," nilimwambia.

"Ningoje nini, bwana?"

"Niulize."

"Nilishakuuliza."

"Niulize tena. Nakuomba."

Aliviangalia viatu vyangu vilivyolowa rojo la nyanya. Alishuka kwenye kigoda, bila haraka, huku mkunjo wa barabara ukimmeza muuzaji wa ndimu, banda la pili kutoka letu. Aliinama juu ya kisahani. Akaweka kidole gumba juu ya plastiki, karibu na mfupa wa shingo ya Siwatu, akabonyeza kidogo sana.

"Wa leo au wa kesho?"

Nilielewa kwamba ni swali gumu.

"Wa leo," niliuliza, "kesho atakuwaje?"

"Cha leo ni cha leo. Mimi siuzi kesho yake."

"Na nikisema wa kesho?"

"Leo humpati. Kesho nayo sijui kama mtaa huu utakuwepo." Alitazama mkunjo. "Mimi huja Jumanne."

Nilikumbuka jinsi Siwatu alivyojibu asubuhi, mawili ya leo, matatu ya kesho, na nikaona kwamba huenda hiyo ndiyo njia ya busara: kugawa. Nilianza kupanga mgawanyo kichwani. Siku za kazi, siku za mapumziko, likizo.

"Baba Hija," Siwatu alisema kutoka ndani ya plastiki. Sauti yake ilikuwa ya mbali. Ukungu haukuonekana tena. "Usiandae somo. Jibu."

Ukingo wa mkunjo uligusa mguu wa meza.

"Wa leo," nilisema.

"Na kesho?" aliuliza Doña Eulalia.

"Kesho niulize tena."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayesahihisha jibu ambalo si zuri lakini limeandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Alishika plastiki kwa pembe moja, ikatoka yote kwa mara moja, nyepesi, kama ganda la kitunguu. Siwatu alikohoa, akashusha miguu chini, akapapasa hewani, akakipata kikapu chake.

"Uyoga," alisema, "sitaula tena maisha."

Kisha Doña Eulalia alitia mkono kwenye mfuko wa nane wa aproni. Katika soko hili muuzaji humwongezea mteja kitu kidogo juu ya alichonunua, ndimu moja, au kitawi cha giligilani. Mimi alinipa kifurushi kidogo cha gazeti.

"Nyongeza," alisema. "Robo saa. Usiiweke, ni ya leo."

Akafungua kamba ya nne.

Niliamka. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kabati, mahali ambapo sijawahi kuliona nikiwa kitandani, kwa kuwa huamka saa kumi na mbili. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na robo. Siwatu huondoka saa mbili kamili, kila Jumanne, na mtu anaweza kurekebisha saa kwa kumtazama yeye akifunga mlango.

Nilitoka ukumbini. Alikuwa bado yupo, ameinama chini ya kochi.

"Nimekuamsha?" aliuliza. "Natafuta ndala ya kushoto. Robo saa nzima naizunguka nyumba hii, na iko hapa hapa mbele ya macho yangu." Aliivaa. Alichukua kikapu. "Ulikuwa unaota, unaita mahudhurio. Sikutaka kukukatiza."

"Ulilala vizuri?"

"Nililala na baridi, sijui kwa nini. Haya, mimi nakwenda. Chai iko kwenye chupa." Alishika kitasa. Hakuniuliza. Ilikuwa Jumanne ya sitini na tatu, na hakuniuliza.

"Leo," nilisema.

"Leo nini?"

"Leo tunakwenda wote. Ngoja nivae viatu."

Nilidhani atasema neno, ama la utani ama la kuumiza. Yote mawili angekuwa na haki nayo. Alitua kikapu chini, akanigeuzia mgongo na kujifunga upya kanga yake ya kijani, polepole, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kubadili mawazo.

Nyuma ya shingo yake, chini kidogo ya nywele, palikuwa na nusu ya stika ya kijani, iliyochanika kwa mshazari. 17.

Sikuhitaji kuangalia kidole gumba changu. Niliangalia, kwa kuwa nimezoea kuhakiki, na chini ya kucha palikuwa na 50. Kisha nilifunga kiganja, nikavaa viatu bila kufunga kamba, na nikamfuata nje kabla mlango haujajifunga.